Wimbo Uliomtaja Lukeba

Mimi sikuomba kuandika. Bora, mke wa mjukuu wangu, ndiye aliyeniletea karatasi na biki, akakaa mlangoni kama polisi, akasema, "Bibi, andika vile unavyoongea, makosa nitasahihisha mimi." Asahihishe nini? Herufi za kwanza nilizipata chuoni kwa maalimu, zingine nikazisoma mwenyewe kwenye makopo ya maziwa, na zimenitosha maisha yangu yote. Anayetaka maneno yaliyopigwa pasi aende kwa waliosoma. Na wanaotaka habari hizi ni watu ambao kila wakinikuta sokoni wananiuliza, huku wanatabasamu, eti ni kweli ule wimbo wa mawese ulikuwa wa Kiswahili kwanza, na je, kulikuwa na faida gani kuugeuza Kirundi. Faida. Wanalitamka kama wanaulizia bei ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Haya, nitasema. Lakini nitasema habari za yaya Mwanvua, maana mkono ulikuwa wake.

Yaya ndivyo sisi hapa tunavyomwita dada mkubwa. Mwanvua alikuwa wa kwanza kwa mama yetu, mimi Sikujua wa mwisho, na katikati walikuwako wengine ambao Mungu aliwachukua mapema. Baba alivuka ziwa kutoka Baraka, upande wa Kongo, akiwa kijana, akawa seremala hapa Rumonge, Burundi. Mama alikuwa mtu wa shimo.

Shimo ni hivi. Chikichi zinachemshwa katika pipa mpaka ziive, zinamwagwa zikiwa moto katika shimo la saruji, na wanawake wanalizunguka, kila mtu na mchi wake mrefu, wanatwanga. Zikipoa kabla hazijatwangwa, umekwisha, mafuta hayatoki tena, unabaki na makapi ya kuwashia moto. Kwa hiyo hakuna kusimama ovyo. Pembeni anachutama mwanamke mmoja, tunamwita mgeuzaji. Anachovya mkono katika maji baridi, anauingiza shimoni haraka, anageuza ya chini yaje juu, anatoa vijiti, anautoa mkono, michi inaendelea. Mtu asiyejua akituona anafumba macho.

Tulikuwa tunatwanga kwa wimbo. Wimbo alitunga mama, na alipofariki ukabaki kwa yaya. Yeye anaanza, sisi tunaitikia. Ulikuwa na maneno ya chikichi, ya mume aliyekwenda Uvira akasahau njia ya kurudi, ya mama mkwe. Kisha kila baada ya maneno kadhaa yaya alikuwa anavuta sauti: "Lukeba kalalaaa." Na sisi wote kwa pamoja: "Mwacheni alale."

Huyo Lukeba hakuwa mtu wa kubuni. Alikuwa hai, mwenye duka la sabuni na chumvi karibu na msikiti. Zamani, alipokuwa kijana, alipewa kazi ya kuangalia mafuta motoni, akalala usingizi, mafuta yakashika moto na nusu ya paa la banda ikaenda. Hakufa mtu. Lakini mama alimtia katika wimbo, na akikutia mama yetu katika wimbo hutoki. Lukeba akaoa, akazaa, akaenda kuhiji kwa maneno yake mwenyewe ingawa wengine wanasema aliishia Kigoma, na bado kila siku ya kutwanga, akiwa amekaa dukani kwake na kofia yake nyeupe, alikuwa anawasikia wanawake kumi wanasema aachwe alale.

Ukafika uhuru. Tulicheza, siwezi kukataa, mimi mwenyewe nilicheza mpaka kanga ikanidondoka. Baadaye ikaundwa komite ya shimo, maana sasa kila kitu kilitaka komite, na prezida wa komite akawa nani? Lukeba. Kikao cha kwanza alikuja na alama ya chama kifuani, akasimama juu ya gunia.

"Mama zangu, nchi ni yetu sasa," akasema. "Bendera yetu, ngoma zetu. Na sisi hapa bado tunaimba kwa lugha ya kutoka ng'ambo. Siku moja mkubwa atapita barabarani, atauliza, hawa ni watu wa wapi?"

Yaya alikuwa amekaa juu ya mchi wake. "Mwambie ni wa Rumonge," akajibu. "Na wewe je, baba Lukeba, ni wa wapi? Baba yako na baba yangu walishuka mtumbwi mmoja. Kirundi chenyewe unakiongea kama mutu anatafuna mufupa."

Wanawake wakacheka. Lukeba naye akacheka kidogo, kwa sababu alikuwa mwanasiasa sasa.

"Ndiyo maana sitaimba mimi," akasema. "Ataugeuza mama Esperance. Yeye kwao ni kule Muhuta, Kirundi amekinyonya."

Nitakuwa mkweli juu ya hili, ingawa linanichoma. Hofu ya Lukeba haikuwa ya bure. Walikuwako watu wakati ule waliokuwa wanatuambia sisi Waswahili turudi Kongo, na mimi Kongo sijawahi kulala hata usiku mmoja. Mtu mwenye akili angeweza kufikiri kwamba wimbo wa Kirundi utatufunika kidogo. Lakini hofu ya haki na aibu ya zamani zinaweza kuvaa kanzu moja, na Lukeba alizivalisha. Alimwita Esperance pembeni, akamwambia: "Ugeuze wote. Ule mstari wenye jina langu uache. Ule si kazi, ni mzaha tu." Esperance alikuwa bibi arusi mpya hapa mjini, Mkatoliki, mpole, na mume wake alikuwa ananunua kwa mkopo katika duka la Lukeba. Angesema nini? Akauacha.

Akaugeuza vizuri. Ninasema hivyo leo, wakati ule nisingesema hata mngenivuta masikio. Maneno ya chikichi yakaingia, mume wa Uvira akawa mume wa Gitega, mama mkwe akabaki mama mkwe kwa sababu huyo anaeleweka katika lugha zote. Wanawake wa mlimani, wenye Kirundi chao, ambao miaka yote walikuwa wanaitikia bila kujua wanaitikia nini, wakaanza kutabasamu. Mmoja akaniambia, "Kumbe tulikuwa tunamsema mama mkwe?" Miaka yote hiyo.

Yaya alikataa kufungua kinywa. "Wimbo wa mama yangu haujafa, umevuliwa nguo," akasema. "Mimi sitauimba uchi. Nipeni kazi ya mdomo uliofungwa." Na kazi ya mdomo uliofungwa pale ni moja tu, ya mgeuzaji, kwa sababu mvuke unampiga usoni hawezi kuimba. Bibi Kadidja aliyekuwa anageuza alikuwa amechoka na magoti, akafurahi kumwachia. Basi Mwanvua aliyekuwa anaongoza wanawake wote akachutama miguuni kwao. Alikwenda mwenyewe, kichwa juu.

Majuma ya kwanza yalikuwa vurugu. Tulikuwa tunasahau, tunagongana, Esperance anapiga makofi tusimame, tunaanza tena. Chikichi zilipoa, mafuta yalikuwa kidogo, nami nilikuwa ninafurahi moyoni na kununa usoni. Lakini katika vurugu ile hakuna aliyeumia, kwa kuwa tulikuwa tunasimama kila mara. Kisha ikafika siku ambayo wimbo ulikaa. Tuliingia sote pamoja, michi ikawa mchi mmoja, Esperance sauti imempanda, hata wapita njia walisimama. Siku hiyo tulipoujua ndiyo siku mkono wa yaya ulivunjwa.

Aliuingiza shimoni pale alipozoea kusikia tangu utoto kwamba sasa ndio wakati, na michi miwili ikashuka. Hakupiga kelele. Alisema "Eh," kama mtu aliyegongwa bega sokoni, akautoa, na vidole viwili havikuwa tena vidole.

Aliyemfunga mkono ule alijua kazi yake, lakini vidole vilipona vimepinda, havikukunjuka tena. Na Lukeba alifanya nini? Aliitisha komite. Akasema ni masikitiko makubwa, lakini mama Mwanvua alijiletea, alikuwa anaimba wimbo wa zamani tumboni mwake huku wenzake wanaimba mpya. Mgeuzaji asiye na mkono hana kazi shimoni. Atapewa makapi, atengeneze sabuni nyumbani, komite haina roho mbaya.

Makapi. Binti wa mwenye wimbo. Nilirudi nyumbani nikiwa sioni njia. Nilimkuta yaya amekaa, mkono juu ya goti, nikamwambia maneno ya komite. Akasema, "Shimo likinitoa, mimi ni nani, Sikujua? Mke wa marehemu Amuri?" Mume wake alikuwa amefariki, watoto hakujaliwa. Hakuwa na pengine pa kusimama duniani isipokuwa ukingo ule wa saruji. Sasa mnajua kilichokuwa kinaniumiza. Si Kirundi. Si Kiswahili.

Jioni Esperance akaja na mikeke mitatu, samaki wa ziwani, imefungwa katika jani la mgomba. Akasimama mlangoni.

"Amahoro, mama."

"Weka samaki uende," yaya akamjibu.

Hakwenda. Akakaa chini, pale pale kizingitini. "Ninataka niusikie wimbo wa zamani wote," akasema. "Mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilipewa vipande. Huyu ananiambia maneno, yule ananiambia maana, prezida ananiambia cha kuacha. Sijawahi kuusikia nikiwa nimekaa. Siku zote nilikuwa na mchi mkononi."

"Ili uuvunje na mkono mwingine?"

"Mama, mimi pia ninatwanga pale. Kesho atachutama mtu mwingine. Labda mimi."

Yaya aligeuza uso ukutani. Basi nikaanza kuimba mimi, na sauti yangu ni mbaya, ndiyo sababu nilifanya hivyo, kwa sababu yaya hakuweza kuvumilia kuusikia wimbo wa mama ukikoroma. Nilipofika mstari wa tatu akasema, "Unakimbia wapi?" na akauchukua yeye. Sisi wawili tukawa tunaitikia, tunapiga sakafu na viganja badala ya michi. Tulipofika kwa Lukeba, "Mwacheni alale," Esperance akaacha mkono wake juu hewani, akauangalia na wangu. Wangu nao ulikuwa juu.

"Mbona tumesimama?" akauliza.

Hatukujua. Ninaapa, hatukujua. Tukarudia. Kila tukifika pale viganja vinapanda vinabaki, na mkono mzima wa yaya, bila yeye kuutuma, unashuka chini kama unaingia shimoni. Aliuangalia mkono wake muda mrefu. "Tangu nizaliwe," akasema, "nilidhani tunamcheka tu yule mlevi wa usingizi." Mama aliyeuweka mstari ule pale hakuwahi kutueleza chochote. Labda naye hakujua. Labda alitaka kumcheka mtu, na mikono ikajitafutia nafasi yake ndani ya kicheko.

Esperance akasema, "Basi nitatia neno la kupumzika."

Kesho yake akalijaribu na wanawake watatu, kwa siri, kwenye kinu cha nyumbani. "Turuhuke," anaimba, yaani tupumzike. Ikawa mchezo wa kuigiza. Mmoja anapumzika, wa pili anamalizia pigo lake kwanza ili asionekane mvivu, wa tatu anaanza kusimulia habari za shemeji yake. Ukimwambia mwanamke wa Rumonge apumzike, kila mmoja anapumzika kwa njia yake. Lakini ukimwambia Lukeba amelala, anacheka, na hakuna mtu awezaye kucheka na kutwanga kwa pamoja. Mchi unapanda, tumbo linatikisika, kinywa kinajibu, na kwa kitambo hicho mkono unaingia na kutoka salama. Adabu haikuweza kuifanya kazi ile. Ilitakiwa dharau.

"Itabidi awemo," Esperance akasema, akashika kichwa. "Mungu wangu, na deni letu lote lile."

Siku ya kutwanga yaya alikwenda shimoni hakuna aliyemwita. Akachutama mahali pake, akachovya mkono wa kushoto katika maji. Ilikuwa siku ya soko, watu wa mlimani wameteremka na ndizi zao, barabara imejaa. Lukeba amekaa dukani. Wimbo ukaanza, ukakolea, na Esperance akavuta sauti mpaka ufukweni: "Lukeba arasinziriyeee."

"Nimumureke," tukajibu, ndiyo ile ile mwacheni alale, na michi yote ikabaki juu.

Sasa fikirini wenyewe. Miaka yote ile, mtu wa mlimani alikuwa anapita hasikii kitu ila kelele za Waswahili. Siku hiyo soko zima likaelewa. Muuza ndizi mmoja akamwuliza mwenzake kwa sauti, "Lukeba ni nani?" na mwenzake akamwonyesha dukani kwa kidole. Alikuwa ametaka kulifuta jina lake katika lugha moja, akalipata katika mbili.

Alikuja mbio, kofia mkononi. "Simamisheni. Nilisema ule mstari hapana."

Tukasimamisha. Tukalaza michi chini, tukafunga mikono. Chikichi zinatoa mvuke shimoni.

"Endeleeni, lakini bila jina."

"Bila jina nani ataingiza mkono?" yaya akauliza kutoka chini. "Wewe? Chutama basi, baba Lukeba. Mimi nitakupisha, nafasi iko."

"Tieni jina lingine."

"La nani?" Esperance akasema, kwa sauti ndogo, lakini alisema. "La mukubwa gani, prezida? Chagua, tutaimba."

Mvuke ulikuwa unapungua, na kila mtu alikuwa anauangalia, Lukeba zaidi, kwa kuwa mafuta ya siku ile alikuwa ameshayaahidi kwa wafanyabiashara. Akavaa kofia yake.

"Na mgeuzaji ni nani?"

"Unaniona," yaya akasema.

"Imbeni basi," Lukeba akajibu, akarudi dukani kwake, na hakuzungumza tena habari za makapi.

Yaya akageuza kwa mkono wa kushoto karibu miaka kumi iliyofuata. Hakuimba hata neno moja la Kirundi, lakini alikuwa anamrekebisha Esperance pumzi kwa kupiga ukingo wa shimo na kile kidole kilichopinda. Na jambo moja nitalisema haraka halafu msinirudishe: siku yaya alipougua malaria, na siku Esperance alipojifungua, shimo halikulala, kwa sababu sasa mwanamke yeyote wa mlimani aliweza kuuanzisha wimbo. Zamani asipokuwapo yaya tulikuwa tunakaa nyumbani. Haya, hilo ni faida. Liandikeni. Lakini andikeni na vidole viwili kando yake.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na mbili. Hayo ya mwaka ule sitayaandika kwenye karatasi ya Bora. Yalianzia huku kwetu ziwani, kwa watu walioshika mapanga, na kisha wakaja askari kuadhibu, na hawakuchagua waliofanya na wasiofanya. Mume wa Esperance alichukuliwa mchana akiwa na mswaki mdomoni. Esperance alivuka na watoto wake kwa mtumbwi, kuelekea Kigoma au upande wa Kongo, wengine wanasema hivi, wengine vile. Hakuaga. Waliokuwa wanaaga hawakufika mbali.

Shimo lilikaa bila moto mpaka nyasi zikaota katika nyufa zake. Lilipofunguliwa tena tulikuwa wachache, na wengi waliobaki ni sisi Waswahili. Lukeba, amezeeka, bado prezida, akaja nyumbani kwetu. Alikaa vizuri, akakubali chai.

"Mama Mwanvua," akasema, "chukua wimbo wa mama yako. Uimbe wewe kama zamani, kwa Kiswahili. Huu mwingine tuuache. Waliouelewa hawapo. Na aliyeugeuza, unajua mwenyewe, jina la mume wake liko katika orodha gani. Si vizuri watu wausikie."

Mimi nilidhani yaya atalia kwa furaha. Nilikuwa nimengoja siku ile miaka kumi. Kiti chake, sauti yake, wimbo wa mama na nguo zake zote.

"Mara ya kwanza ulitaka kumtoa Lukeba," yaya akamwambia. "Sasa unataka kumtoa Esperance. Wewe wimbo unauona kama nyumba yako ya kupangisha."

"Ninakuonea huruma mimi. Ninakurudishia chako."

"Huu wa Kirundi nilijifunza kwa vidole viwili, baba. Sina vingine vya kulipia kuusahau. Mwenyewe akirudi, atautoa kwa mkono wake. Mpaka hapo ndio wimbo wa shimo."

"Utauongoza nani? Wewe Kirundi hukijui."

"Nimekisikia miaka kumi nikiwa nimechutama. Kunywa chai yako."

Na kesho yake Mwanvua binti Ramazani, aliyekuwa amefunga mdomo tangu uhuru, akamwachia mwingine achutame, akasimama mahali pa Esperance akaongoza kwa Kirundi. Kirundi kibaya, cha kutafuna mfupa kama cha Lukeba. Alikuwa anakosea maneno mengi, na wanawake watatu wa mlimani waliobaki walikuwa wanamsahihisha huku machozi yanawatoka, naye anawakemea watwange. Alipofika pale pa kuvuta sauti, akavuta. Hatukucheka siku hiyo. Lakini michi ilipanda. Aliuongoza hivyo mpaka alipozikwa, na hakuna mtu wa serikali aliyekuja kuuliza chochote.

Kwa hiyo msiniulize mimi faida. Mnaouliza mnataka neno moja, ndiyo au hapana, mwende zenu mkanywe bia. Mimi ninataka kitu kwenu. Wewe unayesoma, kama uko Kigoma, Uvira, au kambi yoyote walimotupwa watu wetu, ondoka hapo ulipokaa. Nenda wanakotwanga mawese. Usiulize majina, watu bado wanaogopa majina. Simama usikilize wanaimba kwa lugha gani, na uangalie kama kuna mahali michi inapanda yote pamoja na watu wanacheka. Ukipakuta, muulize anayeongoza alifundishwa na nani. Halafu njoo Rumonge, ulizia Sikujua wa kwa Waswahili, uniambie uso kwa uso. Barua usinitumie, macho yangu yamechoka, na Bora atataka kuisahihisha.